Maji Yanapoishia Sasa

Kalemie, tarehe 3 Juni 1978

Yaya Sébastien,

Siandiki kwa mapenzi ya mudogo kwa kaka yake, na najua hutasoma kwa mapenzi. Tuanze hapo ili tusipotezeane wino.

Mimi sasa njo Direktere wa Sentra ya Hesabu ya shirika letu la mabehewa na meli. Tuna ordinatere, ile mashine ya kupiga hesabu, kubwa kuliko zote upande huu wa mukoa wa Shaba. Mishahara, mizigo ya bandari, safari za gari-moshi, yote inapita ndani yake. Ni makabati ya chuma yaliyojipanga kama mapadri kwenye misa kubwa, na yanatoa joto kama tanuri la mikate. Ili yasiungue tumefunga klima nane, zile mashine za kupoza chumba, na klima hizo zinakula umeme kuliko ordinatere yenyewe.

Sasa ni kiangazi. Muto wa Bendera umepungua na umeme wake umepungua nao. Wakubwa wa umeme wamesema tupunguze matumizi kwa nusu kabla ya mvua za kwanza, ao wanatukata. Tukikatwa, mashine inapelekwa Lubumbashi, na mimi sitapelekwa nayo.

Mafundi wangu wanasema dawa iko moja: maji ya kina cha ziwa, yale ya baridi, yapitishwe nyuma ya klima yabebe joto. Ulipokuwa mukubwa wa kiwanda cha barafu, wewe mwenyewe ulilaza bomba linaloingia ziwani mpaka kwenye kina. Kiwanda kilichomwa mwaka wa uasi, michoro iliungua, matofali watu walibeba kujengea majiko. Lakini bomba bado liko chini ya muchanga, na ni wewe peke yako unayejua mudomo wake wa nchi kavu uko wapi.

Nieleze mahali. Mustari mumoja unatosha. Mama Noëlla, anayevuka kununua chumvi na vitenge Kigoma, ataleta jibu.

Na kwenye bahasha usiandike jina la ubatizo. Sheria ya majina unaijua: ya kizungu serikali imeyakataza.

Citoyen Mwamba Kalenga
Direktere


Kigoma, 20 Juni 1978

Pontien,

Jina hilo ulipewa kanisani kule Mpala, na mimi ndiye niliyekubeba siku ya ubatizo. Ulinikojolea shati jipya. Wakubwa wako wanaweza kulifuta jina kwenye karatasi. Kwenye shati langu halikufutika.

Miaka kumi na minne sijaona mwandiko wako. Bertille, mke wangu, alipokufa hapa Kigoma, nilimtuma mtu na habari hadi mlangoni pako. Nilingoja mstari mmoja, ule ule unaotosha. Leo unaandika kwa sababu mashine yako ina homa.

Nitakujibu kama mtu wa kazi. Jambo la kwanza nililowafundisha vijana wa kiwanda cha barafu ni hili: baridi haitengenezwi. Unachofanya ni kulibeba joto, kulitoa mahali na kulimwaga pengine, kama mtu anayebeba maji kupanda nayo mlima. Kadiri unavyotaka chumba kiwe baridi kuliko nje, ndivyo mlima unavyozidi kurefuka, na mbebaji huzidi kula. Kwa hiyo, kabla ya kuniuliza bomba, jibu wewe. Chumba kina digrii ngapi? Klima zinamwaga joto lake wapi? Mlango unafungwa?

Ninauliza kwa sababu hesabu yako haikai sawa. Mbebaji hapaswi kula kuliko mzigo wake. Ikiwa klima zinakula kuliko mashine, basi mle chumbani kuna kitu kingine kinachopozwa. Umeficha nini? Samaki? Bia? Wakwe zako?

Mahali pa bomba napajua. Nitasema nikitaka.

Kaka yako mkubwa,
Sébastien Kalenga


Kalemie, tarehe 4 Julai 1978

Yaya,

Chumba kina digrii kumi na saba. Klima ziko juu ya paa la mabati, na joto lake zinalimwaga hapo hapo. Mulango unakaa wazi, na nitakuambia kwa nini, maana umesahau namna watu wa kwetu wanaishi. Mukubwa anayejifungia anahesabika kama muntu anayekula peke yake, ao muchawi. Wewe ulikuwa unafunga mulango wa biro yako, ofisi ya kiwanda. Unakumbuka askari walisema nini juu ya mulango huo siku walikuja kukutafuta, kwamba nyuma yake unaficha waasi?

Na digrii kumi na saba si za mashine tu. Kila juma napokea wageni: komisere wa serikali, wakubwa wa chama, wazungu waliotuuzia ordinatere. Wote wanavaa abakosti, lile koti la sufu la kufunga mpaka shingoni, na mimi vilevile, kwa sababu mukubwa wa Zaire hatembei na shati. Ulitaka komisere atoke jasho mbele ya makabati? Nimepanga viti vya wageni pale mbele. Watu wanatoka wakisema Kalemie nayo imekuwa Ulaya. Hesabu ya namna hiyo hukuijua kwa barafu yako.

Bertille nilimulilia. Sikuandika kwa sababu wakati ule barua ya kwenda kwa mukimbizi ilikuwa inafunguliwa, na aliyeiandika alifungwa. Wewe ulipanda boti na muke wako na sanduku la vitabu. Baba nilimuzika mimi. Kwa hiyo usinifundishe kuandika barua za kilio.

Mahali pa bomba. Mustari mumoja.

Mwamba Kalenga


Kalemie, tarehe 15 Julai 1978

Mujomba Sébastien,

Mimi ni Léontine, mutoto wa marehemu dada yako Philomène. Naishi na nkambo Elisabeth, mama yenu, na nafanya kazi Sentra ya Hesabu kwa Mujomba Pontien. Mimi njo ninayeilisha mashine kadi zake. Nkambo amesema niandike, na amekataza nisipange maneno yake. Haya njo maneno yake.

Sébastien mwanangu, ni mimi mama yako. Bado niko. Meno yamekwenda, masikio yako.

Nasikia munaandikiana, wewe na mudogo yako. Nasikia munatukanana kwa Kiswahili kizuri. Pontien amekuambia habari ya mashine. Habari ya pompi amekuambia? Hakukuambia. Namujua, nimemuzaa. Pompi ya maji ya kartie yetu, mutaa wetu wote, inakula umeme wa waya moja na ile nyumba yake ya baridi. Jua likipanda, klima zinanguruma, na pompi inakufa. Robine, ile koki ya uani, inakohoa mara moja kama muzee, basi, mpaka jioni. Sisi wamama tunachukua ndoo tunashuka ziwani. Na kule ziwani, mwanangu, kolera imeingia, ule ugonjwa wa kuharisha. Kwa Casimir, jirani, wamezika wawili.

Nilikwenda kumuona Pontien kwa biro. Akanikalisha kwa kiti ya wageni. Baridi! Nikamuuliza, "We mutoto, hapa munatunza mayiti?" Watu wa biro wakacheka mpaka wakashika meza. Yeye hakucheka. Akanivika koti yake, mimi mama muzee, nikakaa pale kama komisere.

Basi, mupe ile mahali ya bomba. Si yeye unamunyima, ni mimi. Na kama munataka kugombana, njoo mugombane hapa, niwasikie. Ugomvi wa kusomewa haunogi.

Mama yako Elisabeth
(ametia kidole)


Kigoma, 30 Julai 1978

Pontien,

Uliniandikia mara mbili, na mara mbili hukutaja pompi. Ulinihesabia makabati, klima, viti na makoti. Mama yetu hukumhesabu.

Mahali pa bomba nampa yeye. Wewe ni wa kuchimba tu.

Simama ufukoni, ukingoni mwa maji, pale wanawake wanapofulia chini ya kilima cha kanisa. Utazame msalaba wa kanisa. Uelekee msalaba huo, urefu wa mabehewa mawili ya mizigo. Chimba hapo. Kabla hujafikia kimo cha mtu utagonga kifuniko cha saruji; chini yake kuna bomba la chuma na valvu niliyoifunga kwa mkono wangu mwenyewe siku tulipoondoka.

Maji ya kule chini hayabadiliki, kiangazi wala masika. Joto lako yatalibeba bila kunung'unika, na mlima wa kulipandisha utakuwa mfupi kuliko ule wa kulimwaga kwenye mabati yanayochemka. Lakini kulipata bomba na kuuacha mlango wazi ni kumtibu mlevi huku unamjazia chupa. Funga mlango. Pandisha digrii zifike ishirini na tano. Vua koti.

Sébastien


Kalemie, tarehe 14 Agosti 1978

Muongo wewe.

Jumamosi ya salongo, siku ya kazi ya wote, wengine wanafagia barabara. Mimi nilishusha biro yote ufukoni na majembe. Karani wa mishahara, madaktilo wa kupiga chapa, mafundi, hata planton, tarishi wa mulangoni. Nilisimama pale wanawake wanafulia. Niliangalia musalaba. Nilipima mabehewa mawili kwa munyororo wa reli, si kwa macho. Tulichimba mpaka maji yakatuingilia kwa viatu.

Tumepata nini? Konokono. Magamba ya konokono wa ziwa, magunia na magunia, na mbavu za mutumbwi uliozama zamani. Komisere alipita na gari, akasimama, akashusha kioo: "Citoyen Direktere, munatafuta dhahabu ya Wabelgiji?" Wamama waliacha sabuni ili wacheke vizuri. Sasa watoto wa kartie wananiita Direktere wa Konokono. Néhémie anayeuza mikate alinipa mukate wa bure, akasema ni wa kulia muchuzi wa konokono wangu.

Nilikuwa na koti. Nilichimba na koti. Andika hilo kwa vitabu vyako ucheke na wakimbizi wenzako.

Hukutaka kusema mahali, ungesema hutaki. Kumutumia mama uongo, na kolera iko mulangoni, hilo sikulijua kwako. Klima zitaendelea kama zilivyo. Kama mashine itapelekwa Lubumbashi, iende ikiwa ya baridi.

Mwamba Kalenga


Kigoma, 1 Septemba 1978

Pontien,

Sijawahi kusema uongo juu ya kazi. Juu ya mambo mengine labda. Juu ya kazi, kamwe.

Ufuko ule ninautembea kila asubuhi kabla sijainuka kitandani. Ninaliona jiwe la Mama la kufulia, lile lenye bonde katikati. Ninaona povu la sabuni likiondoka na maji. Nikigeuka, msalaba uko pale, na mabehewa mawili hayapungui wala hayaongezeki. Mtu anayekaa ugenini hana kingine cha kutunza, kwa hiyo anatunza vipimo.

Basi ama hukupima, ama umelipata na unaficha. Ninafikiri umelipata. Ninafikiri mnataka nikasirike, nivuke nije kuwaonyesha kwa kidole, na gatini nimkute mtu mwenye karatasi yenye jina langu. Msamaha wa wakimbizi niliusikia redioni. Redio haikuniambia nani atakuwa gatini.

Ukishindwa kazi, ushindwe kwa jina lako. Usiniwekee langu.

Sébastien


Kalemie, tarehe 9 Septemba 1978

Mujomba Sébastien,

Nkambo ana kolera.

Jumanne pompi ilikufa mapema. Nilikuwa kazini, mbele ya mashine, nimevaa sweta. Nkambo aliona mutungi uko mutupu, akashuka ziwani peke yake na ndoo ndogo. Kesho yake alianza kuharisha, na jioni hakuweza kusimama. Mujomba Pontien alimubeba mugongoni mpaka dispensari, hakungoja gari. Wamemutia maji kwa mushipa wa mukono. Ngozi yake ukiifinya inabaki imesimama.

Lakini anasema. Leo asubuhi alimuuliza Mujomba Pontien, "Ule shimo wako wa konokono, ulichimba ukitokea wapi?" Akajibu, "Pale Sébastien alisema, pale wamama wanafulia." Nkambo akacheka. Sijui alipata wapi nguvu ya kucheka. Akasema hivi, nami niliandika hapo hapo kwa kipande cha karatasi ya mashine:

"Wanafulia wapi sasa? Maji yalikimbia, na sisi tukakimbia nayo, kila mwaka kidogo. Jiwe yangu ya zamani iko kule juu ndani ya matete, mbuzi wanalala juu yake. Sébastien anapima kutoka kwa jiwe, Pontien anapima kutoka kwa sabuni. Wote wawili nimewasomesha!"

Mujomba Pontien alikuwa amesimama na mukebe wa chumvi na sukari mukononi. Akanipa mukebe, akatoka.

Muombee, Mujomba. Kama huombi, basi ungoje tu pamoja nasi.

Léontine


Kigoma, 18 Septemba 1978

Pontien,

Sijui kama barua hii itamkuta Mama. Kama haitamkuta, usijibu. Kimya chako ninajua kukisoma.

Mwaka nilipopanda boti, ziwa lilikuwa limefura kuliko wazee walivyowahi kuona. Maji yalikuwa yanalamba jiwe la Mama, na wanawake walifulia wamesimama wima. Tangu hapo yamerudi nyuma. Hilo ninalijua kuliko wewe, maana ni ziwa hili hili moja, na sina kazi nyingine ila kulitazama. Hapa Kigoma nimeona ngazi za gati zikibaki hewani. Nimeona mihogo ikipandwa mahali nilipoogelea mwaka wa kwanza. Niliwaonyesha majirani, nikawaeleza sababu, nikasifiwa kwa elimu yangu. Lakini upande wenu nililiacha ziwa limejaa. Haikunijia hata mara moja kwamba maji yaliyoondoka huku yalikuwa yanaondoka na huko.

Ulipoandika konokono, nilipaswa kusimama. Konokono wa ziwa hapandi nchi kavu kwa miguu. Ulichimba katikati ya ziwa langu, Pontien, pale nilipoliacha.

Hukunidanganya, nami sikukudanganya. Chimba ukitokea kwenye jiwe. Mabehewa mawili, msalaba ule ule.

Lakini hilo halikuoshi. Kosa langu lilikupotezea Jumamosi moja na kukupa jina la konokono. Pompi ilikufa kwa sababu ya koti lako. Hata bila bomba ungeweza kufunga mlango, siku ile ile nilipokuambia.

Sébastien


Kalemie, tarehe 28 Septemba 1978

Yaya,

Mama yuko. Juzi alimutukana muuguzi kwa Kitabwa, tukajua amepona.

Barua yako ya tarehe 18 imefika jana. Usidhani njo iliyofanya kazi. Kazi ilikuwa imekwisha.

Siku nilimubeba, alinitapikia koti mugongoni. Dispensari walisema nguo kama hiyo ichomwe. Nikaivua, wakaichoma. Siku niliyomwachia Léontine ule mukebe nikatoka, nilikwenda biro moja kwa moja na shati ya mikono mifupi, sikupita nyumbani kuchukua koti ya pili. Nikakaa kwa kiti changu.

Nilitetemeka. Miaka mitatu naongoza chumba kile, na baridi yake sikuwa nimeisikia hata siku moja. Meno yaligongana mbele ya karani wa mishahara. Nikaona karani ana sweta, wote wana sweta. Wamama wao ziwani na ndoo, wao ndani na sweta. Nikamuita André, fundi mukubwa wa ordinatere, nikamuuliza mashine hii inataka digrii ngapi. Akasema ishirini na tano inazivumilia bila shida. Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?" Akaangalia chini. "Direktere alikuwa na koti."

Mulango nilifunga mwenyewe. Klima tano nilizima mwenyewe, moja moja, nikingoja baada ya kila moja kuona kama makabati yataungua. Hayakuungua. Viti vya wageni viko veranda. Komisere alikuja, akakuta mulango umefungwa, akauliza nani amekufa. Nikamwambia bado, tunajitahidi. Alikaa kidogo, akafungua kifungo cha shingo, akaondoka mbio. Pengine nitalipia hilo. Sijui. Pompi sasa haikati. Robine ya Mama inamwaga muchana kutwa, na yeye anaifungua hata kama hana kiu, asikie tu.

Bomba tumelipata. Tulifukuza mbuzi, tukasimama kwa jiwe, tukapima. Ni pale pale. Ningependa sana iwe kando kidogo. Valvu ilifunguka kwa mafuta na matusi, na maji yakaja, ya baridi mpaka watoto wakalia walipoyagusa. Tumeyapitisha nyuma ya klima tatu zilizobaki. André anasema hata moja ya hizo itapumzika. Wakubwa wa umeme wamepima, tuko chini ya nusu. Mashine inabaki Kalemie.

Sasa sikia. Bomba lako linavuja mahali pawili, kwenye maungio uliyofunga wewe mwenyewe. Kazi mubaya. Hakuna fundi hapa anayejua maungio ya zamani namna hiyo. Kama una haya kidogo, vuka uje utengeneze uchafu wako. Gatini hakuna muntu mwenye karatasi. Niliuliza, na niliuliza kwa jina lako lote, mbele ya watu. Chumba chako natunzia mihogo. Mihogo inaweza kutoka.

Mama amesema niandike kwamba nimekusamehe. Naandika kwamba amesema.

Pontien


Kigoma, 7 Oktoba 1978

Pontien,

Maungio hayakuwa mabaya. Niliyafunga yadumu miaka kumi, yamedumu zaidi ya ishirini, kumi na minne kati ya hiyo bila mtu wa kuyatazama. Ni wewe unayeyafungulia maji kwa pupa. Usiguse valvu mpaka nifike.

Ninakuja kwa ajili ya bomba. Nitavuka na Mama Noëlla akirudi na chumvi yake. Mihogo itoke yote, si nusu. Harufu yake siiwezi. Mwambie Mama aifunge robine. Maji pia ni umeme.

Kuna jambo moja, nalo silisemi mara mbili. Kila nikifumba macho naona ufuko ambao haupo tena. Nahodha akiniuliza pa kuelekea, nitamwelekeza kwenye matete na mbuzi. Kwa hiyo boti ikionekana, mtu mmoja ashuke asimame pale maji yanapoishia sasa, asiondoke mpaka nimwone.

Ukiwa ni wewe, njoo bila koti.

Sébastien